Mume wangu ameambiwa aache sembe, mwenye mashine naye ananitisha kwa sumukuvu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, na tunaishi Nyakato hapa Mwanza. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba. Hivi karibuni alikwenda kupima afya, akaambiwa kwamba sukari yake imeanza kupanda, ingawa haijafikia kiwango cha kuanzishiwa dawa. Alishauriwa apunguze uzito, na mwisho akaambiwa maneno ambayo ndiyo yameleta mvutano nyumbani kwetu: aachane na sembe na ale nafaka zisizokobolewa.

Tatizo ni kwamba baba watoto alisoma shule ya bweni, na kwake yeye dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni ule ugali mchungu, wenye chenga na wadudu, waliokuwa wakipewa huko. Hataki hata kuuona mezani. Kwa kuwa amejiridhisha kwamba kinachotakiwa ni chakula cha rangi ya kahawia, amehamia kwenye ugali wa udaga wa muhogo ambao mama mkwe hututumia kutoka Sengerema, na kila asubuhi anarudi na mkate wa kahawia kutoka dukani. Na kwa sababu anaamini kwamba sasa anakula dawa, kipimo kimeongezeka. Bonge la ugali ambalo zamani lilitutosha wawili, siku hizi analimaliza peke yake. Nikimwambia apunguze, ananijibu kwamba wazee wake walikula udaga maisha yao yote na hakuna aliyejua kisukari ni kitu gani.

Niliamua kusaga dona hivyo hivyo, nikachukua mahindi hadi mashineni, lakini mwenye mashine akanikatisha tamaa. Alisema dona ndiyo inayobeba sumukuvu na kwamba mwenye kuipenda familia yake hukoboa. Jirani yangu naye anauza unga anaouita wa nafaka kumi, bei yake ikikaribia mara tatu ya bei ya sembe, na anadai kwamba unatibu sukari na presha. Ananihimiza nimpikie uji wa unga huo hata mtoto wetu wa miezi tisa, ambaye wiki hizi tumbo lake halijatulia.

Naomba unieleze ukweli uko wapi. Je, dona inaizidi sembe kweli, au ni maneno ya mjini? Na nifanyeje ili nisigombane na mume wangu, wala nisionekane ninadharau chakula cha mama mkwe?

Mama wa Nyakato

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Dona inaizidi sembe, na mwenye mashine naye hajakudanganya. Mambo hayo mawili yanawezekana kwa pamoja, na ukishaelewa kwa nini, sehemu kubwa ya mvutano wenu itakuwa imepata jibu.

Usiku wa leo loweka punje chache za mahindi katika kikombe cha maji, na asubuhi uchukue moja, uipasue kwa kisu kikali kwa urefu wake. Utaona ganda jembamba ambalo sasa linabanduka kwa ukucha. Utaona sehemu kubwa iliyojaa wanga, ambayo ni akiba ya chakula cha mche. Halafu upande wa chini, pale punje ilipokuwa imeshikamana na gunzi, utaona kipande laini chenye rangi ya maziwa yaliyokolea, ambacho ukikibonyeza kati ya vidole kinaacha mafuta. Hicho ndicho kiini, yaani mche wenyewe ambao bado umelala. Kwa uzito, sehemu hiyo yenye wanga ni takriban asilimia 83 ya punje, kiini ni takriban 11, na kinachobaki ni ganda pamoja na ncha. Nafaka isiyokobolewa ni ile ambayo sehemu hizo zote bado zimo kwa uwiano wake wa asili, iwe imepikwa nzima, imepasuliwa au imesagwa ikawa unga. Rangi haihusiki, dona ya mahindi meupe yaliyo safi huwa na weupe uliofifia tu.

Mashine ya kukoboa inachofanya ni kulikwangua ganda na kuking'oa kiini, na hivyo viwili kwa pamoja ndivyo vinavyotoka upande wa pili vikiitwa pumba. Katika pumba hizo huondoka sehemu kubwa ya mafuta ya punje, vitamini za kundi B, madini na nyuzinyuzi. Ukilinganisha gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa na kiasi hicho hicho cha unga ulioondolewa kiini, nyuzinyuzi zinashuka kutoka takriban gramu 7 hadi 4 au chini ya hapo kulingana na ukoboaji, madini ya chuma yanabaki kama theluthi, na magnesi inabaki kama robo. Pumba huenda kwa wafugaji, nao wanazigombea, kwa maana mfugaji wa kuku anajua anachokinunua kuliko sisi tunaolipa ili kiondolewe.

Kuku, kwa kweli, ndio waliowafundisha wanadamu jambo hili. Katika miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi aliyeitwa Christiaan Eijkman alikuwa katika kisiwa cha Java, akitafuta chanzo cha ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukiwadhoofisha watu miguu na kuwaua, naye aliamini kwamba unaletwa na vijidudu. Kuku wa maabara yake wakaanza kuyumba na kupooza miguu, kisha baada ya muda wakapona wenyewe bila dawa. Alipofuatilia aligundua kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya ambaye hakuona sababu ya kuku wa kiraia kula mchele wa wanajeshi, akawakatia. Wakarudi kwenye mchele usiokobolewa, miguu ikapata nguvu. Kilichokuwa kinakosekana kilikuja kujulikana baadaye kuwa vitamini B1, ambayo hukaa kwenye pumba na kiini, na Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929 pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Nimekusimulia haya kwa sababu watu hudhani habari ya nafaka isiyokobolewa ni mtindo mpya wa wenye fedha, ilhali watu walikufa kwa kukosa hicho kinachoitwa pumba.

Tuje kwa baba watoto. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi kama wanga. Hupunguza kasi ya chakula kupita na kugeuka sukari, humfanya mtu ashibe mapema, na hulainisha choo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vya asili. Tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba wanaokula zaidi nafaka zisizokobolewa hupata kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo kwa uchache zaidi kuliko wanaokula zilizokobolewa. Kwa hiyo ushauri aliopewa ulikuwa sahihi, ila ulikatishwa kabla ya sehemu muhimu, kwa maana dona ni wanga vilevile. Gramu 100 za unga mkavu wa dona hutoa takriban kilokalori 360, na sembe haitofautiani nayo sana. Mtu anayehama kutoka bonge moja la sembe kwenda mabonge mawili ya dona ameongeza sukari mwilini, na uzito alioambiwa aupunguze utazidi kupanda. Tena kadiri unga unavyosagwa laini ndivyo tumbo linavyoumeng'enya upesi, hata kama haukukobolewa, kwa hiyo usimwombe mwenye mashine akusagie dona laini kama poda.

Sasa udaga, na hapa naomba uwe na busara na mama mkwe. Udaga ni muhogo, na muhogo ni mzizi. Hauna pumba wala kiini cha kuondolewa au kubakizwa. Rangi yake ya kijivu au ya kahawia inatokana na kuvundikwa na kuota ukungu wakati wa kuchachuka kabla ya kuanikwa, kazi ambayo ina faida kubwa, kwa kuwa ndiyo inayopunguza sumu ya asili iliyomo katika mihogo michungu. Lakini udaga uliokauka ni wanga karibu mtupu, na protini yake ni takriban gramu 2 kwa kila gramu 100, wakati mahindi yasiyokobolewa yana takriban 8. Kwa mtu ambaye sukari imeanza kupanda, kuuacha ugali wa sembe na kujaza sahani kwa ugali wa udaga ni kubadilisha rangi tu. Ni kweli wazee wake waliula, nami sina neno baya juu ya chakula kilichoziokoa familia nyingi za Kanda ya Ziwa mvua ziliposhindikana. Hata hivyo wazee hao walilima kwa jembe la mkono na kupiga kasia, udaga wao ulichanganywa na mtama au ulezi, na hakukuwa na mtu wa kuwapima sukari, kwa hiyo hatuwezi kusema kwa hakika kwamba hawakuwa nayo.

Mkate wa kahawia nao uutazame kwa jicho la muuza duka. Unga mweupe wa ngano ukitiwa rangi ya sukari iliyounguzwa hutoa mkate wa kahawia unaopendeza, na thamani yake inabaki ile ile ya mkate mweupe. Soma maandishi kwenye mfuko: viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hiyo kama cha kwanza ni "unga wa ngano" tu, bila kutajwa kwamba ni ngano nzima, basi umelipia rangi. Chapati za unga wa atta, yaani wa ngano nzima, zikipikwa kwa mafuta machache, zina nafuu kuliko mikate mingi ya aina hiyo. Kiazi kitamu kilichochemshwa pamoja na yai pia ni staftahi nzuri, ingawa kiazi si nafaka.

Sumukuvu ndiyo inayostahili nafasi kubwa katika jibu hili, kwa sababu wengi wanaoisifu dona huipita kimya. Hiyo ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine, hasa zilizopata ukame shambani, zilizotobolewa na wadudu, au zilizohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Huharibu ini na inaweza kuleta saratani ya ini kwa mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ikiwa nyingi huua kwa muda mfupi, kama ilivyotokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu walipoteza maisha baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Haiondoki kwa kupikwa, kwa hiyo usijidanganye na moto mkali. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, kukoboa huipunguza kweli. Mwenye mashine amesema sawa mpaka hapo.

Alichokiacha ni kwamba sumu haizaliwi na dona, inaingia na mahindi. Mahindi mabovu yaliyokobolewa hutoa sembe nyeupe yenye sumu iliyopungua, na mahindi mazuri yasiyokobolewa hutoa dona salama. Hivyo kazi yako inaanzia sokoni. Usinunue mahindi kwa kutazama juu ya gunia peke yake. Ingiza mkono hadi katikati, utoe kiganja kizima, uyanuse. Harufu ya uvundo au ya udongo mbichi ni dalili ya kuondoka. Ukifika nyumbani, pima ukavu kwa njia ambayo maofisa ugani wamekuwa wakiifundisha: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yanahitaji jua. Ikianguka yote chini, yamekauka. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, na usisahau kwamba hapa kwetu mvua ya ziwani haibishi hodi.

Kabla ya kwenda mashineni, peta, kisha kaa chini na ungo uyachambue. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa kuwa sumu mara nyingi haisambai sawasawa bali hujikusanya katika punje chache zilizooza. Ondoa kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi kuwa ya kijani, ya kijivu au nyeusi, na iliyotobolewa. Ulizozitoa usiwape kuku, kwa sababu zinawadhuru wao pia. Mashineni, mwombe mwenye mashine auondoe kwanza unga wa aliyekutangulia, au angalau usiuchukue ule unaotoka mwanzo, kwa maana hujui mwenzako alileta mahindi gani. Ukirudi nyumbani usiufunge unga ukiwa wa moto. Utandaze upoe, kwa kuwa mvuke ukinaswa ndani ya mfuko hugeuka unyevu, na unyevu ndio unaowakaribisha kuvu.

Saga kidogo kidogo, kiasi cha wiki mbili hivi, na kilichobaki kihifadhi kikiwa punje. Sababu yake ni yale mafuta ya kiini uliyoyaona kwenye kisu: punje ikiwa nzima yamefungiwa ndani, lakini ikishasagwa yanakutana na hewa na kuanza kuharibika, ndipo unga unapata uchungu na harufu ya mafuta ya zamani. Hapo utaona kwamba mume wako hana ubishi wa bure. Dona aliyolishwa bwenini huenda ilitokana na mahindi yaliyokaa ghalani mpaka yakatobolewa na dumuzi (yule ambaye wakulima wamembatiza jina la Scania), yakasagwa bila kuchambuliwa, na unga ukawekwa kwa miezi. Ule uchungu ulikuwa wa mafuta yaliyoharibika, na chenga zilitokana na usagaji mbaya pamoja na mapishi ya haraka ya sufuria kubwa. Dona iliyosagwa juzi kutoka mahindi mapya ina utamu wa mahindi ya kuchoma, na mtu aliyezoea sembe hushangaa anapoionja.

Usimtangazie kwamba leo ni dona. Anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu na sembe, na upandishe taratibu kadiri anavyozoea. Dona hunywa maji mengi na huchelewa kuiva kuliko sembe, kwa hiyo koroga unga kidogo katika maji baridi, umimine kwenye maji yanayochemka, uache uji huo utokote vizuri kwa dakika kumi hivi, ndipo uanze kuongeza unga na kusonga. Ukishakaza, punguza moto na ufunike kwa dakika chache, ugali umalizike kwa mvuke. Wengi wanaolalamika kwamba dona inawasumbua tumbo wamekula ugali usioiva, au wameongeza nyuzinyuzi kwa ghafla bila kunywa maji ya kutosha.

Kuhusu kiasi, mpakulie kila mtu sahani yake badala ya kuweka mlima mmoja mezani. Kwa baba watoto, robo ya sahani iwe ugali, bonge lisilozidi ukubwa wa ngumi yake, nusu iwe mboga za majani kama mchicha, matembele au mlenda, na robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, choroko au maharage. Aanze na mboga. Atalalamika mwanzoni, nawe uvumilie.

Hiyo robo ya dagaa na choroko ina sababu kubwa kuliko kushiba. Dona yenyewe haijakamilika. Vitamini B3 iliyomo katika mahindi imefungamana kwa namna ambayo mwili hauwezi kuitumia vizuri, na ndiyo maana watu wa Mexico tangu kale huchemsha mahindi katika maji ya chokaa ili kuifungua. Mahindi yalipohamia Ulaya na kusini mwa Marekani bila ufundi huo, maskini waliokula mahindi karibu peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kuharibika ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa akili. Mwenye kula samaki na mikunde hana sababu ya kuuhofia. Aidha, katika pumba kuna asidi inayoitwa fiteti, ambayo huyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha huipunguza, na samaki pamoja na limao, chungwa au pera huusaidia mwili kuyapata madini hayo. Chai ya rangi isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa nayo huzuia chuma. Nyumba ya mfanyabiashara wa dagaa haina kisingizio hapa.

Na siku utakapokosa mahindi ya kuaminika, usiilazimishe dona. Nunua sembe ya kiwandani yenye alama ya virutubishi iliyowekwa kwenye mfuko. Tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2011 za kurutubisha vyakula nchini, viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 katika unga. Havirudishi nyuzinyuzi wala magnesi, lakini unga huo ni salama kuliko dona ya mahindi yaliyovunda, nami ningeuchagua bila kusita.

Kwa mtoto wa miezi tisa, nakuomba uuache kabisa unga wa nafaka kumi. Kwanza, mtoto ambaye tumbo halijatulia kwa wiki anatakiwa kuonwa kliniki, na uende na kadi yake ya ukuaji. Pili, unga wa aina hiyo mara nyingi huchanganya nafaka na soya, karanga, mbegu na hata dagaa waliosagwa, vitu ambavyo haviivi kwa muda mmoja wala havidumu kwa muda mmoja. Soya isipopikwa vizuri huzuia mmeng'enyo wa protini, na karanga ni miongoni mwa wabebaji wakubwa wa sumukuvu. Tatu, tumbo la mtoto ni dogo, na ukilijaza pumba atashiba kabla ya kupata nguvu anazozihitaji. Mambo ninayomhimiza baba yake si ya kumhamishia yeye kwa kiwango kile kile.

Mpikie uji wa unga mmoja unaoujua. Ulezi unafaa sana: gramu 100 zina takriban miligramu 340 za kalisi, wakati mahindi hayafikishi hata 10. Uoteshe ili upate kimea, ufundi ambao bibi zetu waliutumia kwa togwa na pombe. Loweka ulezi safi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uuanike ukauke kabisa, uufikiche kuondoa machipukizi, kisha usage. Pika uji mzito wa kawaida, utie kijiko kimoja cha unga wa kimea ungali na uvuguvugu mkali, ukoroge. Utaona unalainika wenyewe na kuwa mwepesi bila kuongezewa maji, kisha uuchemshe tena kabla ya kumpa. Kwa njia hiyo kikombe kidogo kinabeba chakula kingi. Yai, samaki aliyepondwa na kutolewa miiba, parachichi na papai vipewe kando, na ziwa la mama liendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Jirani yako usimwite tapeli, lakini hakuna unga unaotibu kisukari wala presha, na mtu anayeacha kwenda kupimwa kwa sababu anakunywa uji amejiweka hatarini. Mchele usiokobolewa, ambao hukuuliza lakini najua utauona ukiuzwa kwa bei ya juu madukani, ni mzuri. Ila fedha hiyo hiyo itakupa choroko za kutosha kuuandama wali wa kawaida kwa siku nyingi.

Hakikisha mume wako anarudi kupima kwa tarehe aliyopangiwa, hata kama anajisikia vizuri. Na kabla gunia lingine la udaga halijatumwa, mpigie mama mkwe simu. Mshukuru kwa udaga, mweleze hali ya mwanawe bila kumficha, kisha umwombe safari hii akufungashie mtama au ulezi wa huko kwao, kilo nyingi kadiri atakavyoweza, na udaga kidogo wa kuchanganyia, sehemu mbili za mtama kwa moja ya udaga. Mama yeyote wa Kisukuma mwenye umri wake anaujua ugali huo, na huenda akakueleza namna ya kuusonga kuliko nitakavyoweza mimi.

Mshauri